Mtani Haombi Radhi

Duka la dawa la Swaumu Sabiri, pale Gongoni mjini Tabora, lilikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, dawa zake zilikuwa dawa kweli. Swaumu alikuwa ameisomea kazi hiyo, alinunua kwa wakala anayejulikana, hakuna boksi lililopanda rafuni kabla hajasoma tarehe yake, na feni aliielekeza kwenye dawa huku yeye akijipepea kwa kipande cha boksi. Ya pili, mwenye duka alikuwa na mdomo. Watu wa mtaani, waliomwita Mama Ummy, walisema ukienda kwake na homa, utarudi na dawa ya homa na maumivu ya mbavu.

Mdomo huo ulikuwa na mlengwa wake halali. Swaumu alikuwa Mzaramo mzaliwa wa Tabora, maana babu yake alikuja na kazi ya reli akasahau njia ya kurudi. Ng'ambo ya barabara, akilitazama duka lake uso kwa uso, aliketi Leodgar Kasimiri, muuza asali, Mnyamwezi wa kwao kabisa, mwenye mizinga porini upande wa Igalula. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita na mizigo katika vijiji vya Uzaramo, wakiombana maji na akina babu wa Swaumu, wakitukanana, na anayefia njiani akizikwa na hao hao aliowatukana.

Utani una sheria zake, na asiyezijua asiingie. Mtani akikutukana, unacheka. Akiingia kwako akabeba kitu, kimekwenda, hukidai. Ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja msibani kuchekesha waliao na kujigawia mali ya marehemu mbele ya warithi. Na kubwa kuliko yote, mtani hakasiriki.

Basi kila asubuhi Leodgar alimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, Mzaramo," kisha akauliza kama leo ameoga au anangoja mvua za masika. Swaumu naye alimwuliza kama asali ile ni ya nyuki au ni sukari guru iliyopata bahati. Wateja wa pande zote mbili walinunua huku wakicheka, na biashara ilikwenda.

Siku Leodgar alipokuja na cheti cha hospitali ameandikiwa dawa ya presha, duka lilikuwa limejaa. Swaumu alisoma cheti, akashusha boksi, akamweleza vizuri kabisa namna ya kumeza. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini watu walikuwa wanatazama, na ulimi ukamwasha. Akaliinua boksi juu watu wote walione.

"Jamani, njooni muone maajabu," alisema. "Mnyamwezi aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani, leo hawezi kubeba damu yake mwenyewe."

Duka zima liliangua kicheko. Leodgar alicheka kuliko wote, akafuta macho kwa leso, akachukua dawa zake akavuka barabara. Boksi lile lilikuwa la mwezi mmoja. Mwezi uliisha, mwingine ukaingia, Leodgar hakurudi kuchukua jingine. Swaumu hakuliona hilo. Salamu za asubuhi ziliendelea kama kawaida, na mtu unayemwona kila siku ni vigumu kuona anachokosa.

Aliyemfumbua macho ni Apolinaria, mke wa Leodgar. Alikuja mchana mmoja wakati hakuna wateja, wakaamkiana, shikamoo dada, marahaba, akaomba dawa ya kichwa kwa ajili ya mumewe. Swaumu alimwuliza kichwa kimeanza lini. Apolinaria akasema si kichwa tu. Mzee anaona ukungu, juzi alikuwa akimmiminia mteja asali akaimwaga nje ya chupa, na porini hapandi tena mtini kwenye mizinga. Na vidonge vya presha anameza kila siku, hakosi.

"Vidonge gani, dada?" Swaumu aliuliza. "Kwangu alichukua boksi moja tu."

Apolinaria alifungua fundo la khanga, akatoa karatasi ya vidonge. Swaumu aliigeuza kwenye mwanga. Mahali penye tarehe palikuwa pamesuguliwa mpaka pakang'aa. Alibinya kidonge kimoja, kikameguka kiganjani kama chaki. Vilinunuliwa gulioni Igalula, kwa mtu anayetandika turubai chini juani na kupanga dawa za watu kando ya sumu ya panya. Leodgar akienda kwenye mizinga yake hupitia hapo.

Swaumu hakuelewa. Bei ya yule bwana haikuwa na nafuu ya maana, na dawa halisi ilikuwa hapa, hatua chache kutoka kwenye kigoda cha mzee. Akauliza sababu. Apolinaria alitazama pembeni, akazungusha pete kidoleni.

"Mama Ummy, nikikwambia utaudhika."

"Sema, dada."

"Anasema kwako kuna kicheko kingi kuliko dawa."

Alipoondoka, Swaumu aliketi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na yeye alikuwa amewasikia tangu utotoni bila kudhani wanamsema yeye. Sasa alikiona kicheko cha siku ile kilivyokuwa. Mtu mzima amekuja na ugonjwa wake wa kwanza, bado unamtisha, bado hajamwambia hata padri wake, na mtani wake akauinua juu kama kuku wa mnada. Alicheka kwa sababu sheria ilimfunga acheke. Angefanya nini kingine?

Ilimuuma sana. Miaka yote alikuwa akipigana na vitu vitatu vinavyomtenga mtu na dawa yake, yaani umbali, bei na matapeli. Kwa ajili ya hivyo alifungua duka mtaani, akapunguza faida, akagombana na mawakala. Hakuwahi kufikiri kwamba kizuizi kingine kimesimama nyuma ya kaunta yake mwenyewe, kimevaa koti jeupe, kinachekesha watu. Na huyu mtu, asipopata dawa ya kweli upesi, atapooza au atakufa. Hilo Swaumu alilijua bila kuambiwa na daktari.

Kesho yake alivuka barabara. Alikuwa amepanga kuzungumza kwa adabu, kwa hiyo alianza hivi, "Kaka Leodgar, samahani kidogo." Leodgar alisimama ghafla, akauliza nani amefariki. Kwa miaka yote hakuwahi kuitwa kaka na mwanamke yule.

Swaumu alimweleza juu ya vidonge vya gulioni. Alimwambia si dawa vile, ni vumbi. Leodgar alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wateja wake akawaambia Mzaramo ameishiwa wateja sasa anafuata watu vigodani. Wakacheka. Alipojaribu tena, alijibiwa kwamba vidonge vya Igalula vina nguvu hata vinamtoa jasho. Kila neno la kweli alilolisema liligeuzwa mzaha, na hakuwa na haki ya kulalamika, maana mchezo huo ndiye aliyeufanya mtamu.

Na kuomba radhi hakuweza. Mtani haombi radhi. Akiomba, amekiri kwamba yale ya siku ile hayakuwa utani, yalikuwa matusi, na hapo ndipo mtu hupaswa kukasirika kweli. Angepoteza mgonjwa na mtani kwa pigo moja. Swaumu alirudi dukani akiwa amenyongea. Alimfokea mtu wa maji bila sababu, kisha akamwita akamnunulia soda.

Usiku ule hakupata jibu, lakini asubuhi alipokuwa akifungua makufuli alilipata. Dawa ya moto ni moto. Kama yeye alimcheka Leodgar mbele ya watu, basi yeye naye achekwe mbele ya watu hao hao.

Kila Ijumaa, baada ya swala, muuguzi mmoja aitwaye Yustina alikuja na kipimo cha presha, akaketi kwenye benchi la Swaumu, akapima watu bure. Wanawake walikuja. Wanaume walipita mbali wakijifanya wana haraka. Ijumaa ile Swaumu alimwambia Yustina atapimwa wa kwanza, hapo nje, na namba itajwe kwa sauti. Hata ikiwa nzuri, angeigeuza kichekesho juu ya nafsi yake, ili Leodgar apate pa kuanzia kumcheka. Ya kwamba itakuwa nzuri hakuwa na shaka. Alikuwa mwembamba, anakula mchicha, na maisha yake yote alikuwa akiwauzia wengine dawa.

Alivuta kiti katikati ya baraza, akakunja mkono wa gauni, akapaza sauti kwamba leo anapimwa Mzaramo, wenye macho watazame. Ng'ambo, Leodgar aliacha kufunga chupa.

Yustina alijaza upepo, akasikiliza. Akajaza tena. Akaomba mkono wa pili. Kisha akamwinamia sikioni.

"Kwa sauti," Swaumu alisema. "Tulikubaliana."

"Mia na themanini kwa mia na kumi," Yustina alisema. "Mama Ummy, hii ni presha. Jumatatu asubuhi uko kwa daktari, na sikutanii."

Swaumu alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Alikuwa amepanga maneno ya kuchekesha, na yote yalimkimbia. Mwenye duka la dawa, na hakuwahi kujipima. Aliogopa, jamani, aliogopa kama mteja yeyote, na sasa alijua boksi lile lilikuwa na uzito gani siku alipoliinua.

Hakuna aliyecheka. Mwenye haki ya kucheka alikuwa mmoja tu, na watu wote wakageuka kumtazama.

Leodgar alivuka barabara polepole, mikono ina asali. Alisimama mbele ya Swaumu, akamtazama usoni, na yeye peke yake pale barazani ndiye aliyejua anachokiona. Halafu akaweka mikono kichwani akaanza kulia kilio cha msibani.

"Ole wangu, Mzaramo wangu amekufa," aliomboleza. "Amekufa ameketi. Na warithi wako mbali. Nani atarithi, kama si mimi?"

Akaingia dukani. Alishika feni, akasema hii yangu. Alipiga kaunta, akasema hii pia yangu, nitauzia asali. Alichukua koti jeupe la ziada msumarini akalivaa, likamkaba mabegani, na sasa watu walikuwa wanashikana wasianguke. Swaumu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko.

Kisha Leodgar alifika kwenye rafu. Mkono wake ulikwenda ukisitasita, ukashika boksi moja.

Swaumu alilitazama kutoka kitini. "Mwizi gani asiyejua kusoma?" alisema. "Hivyo ni vya uzazi wa mpango. Rafu ya juu, boksi la bluu, lile uliloandikiwa."

Leodgar alirudisha, akachukua la bluu, akalitia mfukoni bila kulificha. "Marehemu anaongea sana," alisema. "Hili nalo langu."

"Kimoja, kila asubuhi, hata ukijisikia mzima. Na cheti chako kipya uniletee, mwizi."

Mtani akibeba kitu hakidaiwi, na anayebeba haombi. Hivyo ndivyo Leodgar alivyochukua dawa yake mbele ya mtaa mzima, bila aibu hata chembe. Kabla ya kutoka, alitoa mfukoni karatasi mbili za vidonge vya gulioni akaziweka kwenye kaunta. Akasema hiyo ndiyo rambirambi yake, asidhaniwe amekuja msibani mikono mitupu. Jioni Apolinaria alileta chupa ya asali, akaiacha dukani akijifanya ameisahau.

Zile karatasi Swaumu alizipeleka kwa mkaguzi wa dawa mwenyewe, hakutuma mtu. Turubai la Igalula halikutandikwa tena, na wazee kadhaa wa upande ule walianza kuja Gongoni na vyeti vyao. Jumatatu ile daktari alimwandikia Swaumu dawa yake. Kila asubuhi Leodgar alikuwa akisimama ng'ambo na kikombe cha maji, hamezi chake mpaka amwone Mzaramo amemeza chake, akidai hataki kurithi duka kabla hajajua hesabu. Wateja waliomba mambo yao kwa sauti ya chini siku hizi, na Swaumu aliwajibu kwa sauti ya chini vilevile. Mdomo aliubakiza kwa mmoja tu, na hata kwake, mambo ya ugonjwa hakuyagusa. Hakuthubutu.

Ijumaa moja baada ya masika, Leodgar alivuka barabara bila kuitwa, akaketi kwenye benchi kati ya wanawake, akamnyooshea Yustina mkono. Akataka namba itajwe kwa sauti. Yustina alipima, akatabasamu, akasema mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili.

Wanawake walipiga vigelegele. Swaumu alisimama mlangoni, amefumba mdomo, amejawa na furaha asijue aiweke wapi. Leodgar alimgeukia.

"Vipi, Mzaramo," aliuliza, "umekuwa bubu?"

Swaumu alimtazama. Aliona hatanii kuuliza, anangoja kweli. Mzee alikuwa amemrudishia ulimi wake.

"Presha imeshuka, mtani," alisema. "Sasa tunangoja akili ipande."

Leodgar alicheka mpaka Yustina akamwambia atulie, bado hajamvua kipimo mkononi.