Mgeni Ale Kwanza

Meja Byamungu hakupata kuona watu wakarimu kama wa Kinondo, na ukarimu huo ndio uliommaliza.

Alitoka Bukavu, Kongo, akaja kusoma kozi ya maofisa katika hoteli moja ya Diani, pwani ya Kenya. Ilipoingia Agosti ya mwaka tisini na nane alikuwa keshachoka na ubao na chaki. Raha yake ilikuwa Jumapili. Kila siku hiyo, kule Bukavu, mkewe, Nsimire, alitoka na watoto kwenye nyumba yao ya kambini, akaenda misa, kisha akaketi ofisini kwa padri kando ya simu mpaka mumewe apige kutoka Ukunda. Awahi achelewe, mke yupo, anangoja.

Jumapili ile Jaafar, mpishi wa hoteli, alimwalika kwake Kinondo. Simu angeipiga wakirudi. Meja akaona hakuna tabu.

Walipobisha hodi, Twaiba, mkewe Jaafar, alimkaribisha mgeni bila kumtazama usoni, akamwita mumewe uani. Redio iliyokuwa ikisema peke yake ikazimwa. Jaafar akarudi na tabasamu la kulazimisha.

"Karibu, Meja. Karibu sana. Hapa ni kwako."

Ukaja wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kila Meja alipotaka kunawa, Twaiba alimwongeza. "Kula, mwanangu. Ushibe. Usikiache hicho kipande." Meja alicheka, akasema wakimlisha hivi magwanda hayatamtosha. Hakuna aliyecheka naye. Jaafar alikuwa akibonyezabonyeza tonge lile lile bila kulitia kinywani.

Ikaja kahawa, ikaja haluwa. Tumbo likishiba ulimi hulegea, na Meja akaanza kumsifia Nsimire. Mke mtiifu yule! Hajapata kulala nje ya nyumba ya mumewe bila ruhusa, hata kwa mama yake mzazi. Twaiba akainuka, akaingia ndani.

Meja alipoweka kikombe chini, Jaafar alijikohoza.

"Utuwie radhi, Meja. Kwetu mgeni hapewi habari mbaya na njaa tumboni. Redio imesema jeshi lenu limeasi. Wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na Bukavu imetajwa. Kambini."

Meja alisimama bila kujua amesimama. Hasira zilimpanda, zikakosa pa kushukia. Amgombeze nani? Hawa waliomlisha kama mtoto wao? Angetukanwa angejua la kufanya, lakini alikuwa amependwa, na mtu hana pa kushtakia kupendwa.

Walipofika Ukunda, kibanda cha simu kilikuwa na joto la tanuri. Simu iliita, ikaita, padri akapokea.

"Meja! Mama alikungoja sana. Nilimsihi abaki hapa kanisani na watoto. Akasema bila neno lako hawezi kulala nje ya nyumba yako. Wamerudi kambini. Si kitambo, baba. Ungepiga mapema kidogo tu..."

"Mfuate, Padri! Mwambie nimesema abaki! Mwambie mimi nimesema!"

Simu ilikuwa imekwisha kukatika. Alipiga tena na tena, mpaka sauti ya kike ikawa inamjibu kwa upole kwamba njia hazipatikani. Si kitambo. Alikijua kitambo hicho: kilikuwa kahawa na haluwa, na yeye mwenyewe akijisifu. Mdomoni bado alikuwa na ladha ya iliki. Ndege hakuna, njia hakuna, na cheo chake chote hakikumfaa kuvuka hata barabara ile ya Ukunda.

Nje ya kioo Jaafar alisimama na bakuli la wali uliobaki, limefungwa leso. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Umempata mama watoto?"

Meja alifungua mlango. Alimtazama mzee yule, akalikumbuka lile tonge.

"Twende nyumbani, mzee Jaafar," alisema. "Ukale kwanza."