Nirudishie ya Polepole

Kompyuta ya Rula ilikuwa na kichwa kigumu kuliko mwenyewe, na mwenyewe waulize majirani. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kupiga mswaki, ukafagia sebule, ukagombana na mkeo na mkapatana, urudi uikute bado inazungusha kiduara chake pale katikati ya kioo. Feni inakoroma. Ukibofya kitu, inakutazama tu.

Naye Rula hakuwa mtu wa kunyamazia dharau. "We mashine pumbavu," aliiambia kila siku. "Nimekulisha umeme miaka yote hii, leo unanifanyia jeuri?"

Jina la Rula alipewa na mafundi wa kujenga, kwa sababu alikuwa mchora ramani za nyumba na mstari wake haukuwahi kupinda. Meza yake ilikuwa pembe moja ya sebule. Pembe ya pili, karibu na dirisha, alikaa mkewe na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Yeye watu walimwita Mama Pindo, maana hakukuwa na suruali ndefu mtaani ambayo hakuipunguza. Basi ndivyo walivyoishi, huyu anashona, huyu anatukana mashine, na nyumba ilikuwa na amani.

Mwaka uliopita Rula aliugua. Aliamka asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea. Akalazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mdomo ulirudi mahali pake, ila akicheka bado ulivutika kidogo upande mmoja. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema mzee amepona kabisa, naye akawa anasema hivyo hivyo. Shida iliyobaki ilikuwa kompyuta tu. Tangu atoke hospitali imezidi kuwa nzito, alisema, na wateja walichoka kusubiri wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki mkunga peke yake.

Mkunga huyo alikuwa anajenga nyumba ya vyumba vitatu, kimoja cha mama yake mzazi ambaye macho yalishaanza kumtupa. Alikuwa mpole, lakini upole nao una mwisho wake.

"Mzee Rula," alisema siku moja, amesimama mlangoni na mkoba wake wa kazini, "saruji yangu inaganda stoo. Mwisho wa mwezi nikikosa ramani, itabidi nitafute mtu mwingine. Usinione mbaya."

"Si mimi, mwanangu. Ni huyu mgonjwa hapa," Rula alisema, akiipiga kompyuta kofi la mgongoni.

Mkunga alipotoka, Rula alikaa akiutazama mlango. "Huyu naye akienda," alimwambia mkewe, "mimi nitakuwa mzee wa kulinda sebule."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pindo. Alikuwa na akiba yake aliyoiweka ili anunue mota ya cherehani, magoti yapate kupumzika. Kesho yake aliifunga kompyuta kwenye kipande cha bitana, akaenda nayo kwa Bisibisi, dada mmoja mwembamba mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu, na mwenye maneno kuliko redio.

"Mpya usinunue, mama, utalia," Bisibisi alisema baada ya kuifungua na kuichungulia. "Na hizi za mitumba zinazopangwa barabarani, nje zinang'aa, ndani hujui zimepitia mikono ya nani. Rahisi huvunja upishi. Hii yako mifupa yake mizima. Kilichochoka ni diski. Tuweke diski mpya, hizi za siku hizi zisizozunguka, tuongeze na memori, tupulize hili vumbi. Utaikimbiza mwenyewe."

Akiba ikatosha, ikabaki nauli. Bisibisi alihamisha kazi zote za mzee kwenye diski mpya, ile ya zamani akaifunga kwenye karatasi. "Kaa nayo. Kila kitu bado kimo ndani, usije ukasema nimekuibia." Mama Pindo alipofika nyumbani aliitia kwenye kopo la vifungo.

"Haya, iwashe," alimwambia mumewe, amesimama nyuma ya kiti chake, mikono kiunoni.

Rula alibonyeza. Kabla hajakaa vizuri, kompyuta ilikuwa imeshaamka, macho makavu, inangoja amri. Mama Pindo alingoja mumewe acheke. Alingoja hata asimame acheze. Rula alisema, "Ehe." Kisha akamgeukia, akamshika mkono. "Ahsante, bibie. Umejinyima kwa ajili yangu." Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Siku ya pili kila mmoja alikaa kwenye pembe yake. Mama Pindo alishona mikono ya shati, akashona kola, ndipo alipotambua kwamba kinachomsumbua ni kimya. Hakuna aliyekuwa anatukanwa. Akainua macho.

Rula alikuwa anaupeleka mshale wa kipanya kwenye ncha ya ukuta. Mshale ukapitiliza. Akaurudisha, ukapitiliza upande wa pili. Akachora mstari, ukaishia pasipo pake, akaufuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaburuzika mezani, unafika umechelewa. Kompyuta haikuwa na kosa. Kila ilichoambiwa ilikifanya papo hapo, kisha ikamngoja yeye. Jua lilipohama dirishani, Rula alikuwa amechora ukuta mmoja tu, na huo nao akaufuta.

"Macho yananiwasha," alisema, akaifunga.

Siku zilizofuata alipata kazi nyingi mno. Alikaza mguu wa meza ambao haukulegea. Alikwenda dukani kununua kiberiti, akarudi, akaenda tena kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo. Chakula akawa anakichezea tu. Kompyuta ikalala pale mezani na afya yake yote, hakuna wa kuifungua.

Mama Pindo alilia, akiwa na suruali ya mtu mapajani. Mume aliyezeeka naye alikuwa amejificha nyuma ya kitu kimoja tu, na yeye, kwa akiba yake mwenyewe na mapenzi yake mwenyewe, amekwenda akakiondoa. Alijiona mwizi. Mara mbili alitaka kumwambia, mume wangu, nimeona. Maneno yalifika mdomoni yakarudi. Utaanzia wapi kumwambia neno hilo mtu aliyeitwa Rula?

Basi akafanya jambo ambalo ukilisikia utasema amerogwa. Alitoa ile diski ya zamani kwenye kopo la vifungo, akaibeba kompyuta mumewe alipokwenda tena kununua kiberiti, akarudi kibandani.

"Nirudishie ya polepole," alimwambia Bisibisi.

Bisibisi aliacha kazi aliyokuwa nayo. "Mama, hapa nimeombwa mengi. Yuko aliyeniomba nimfungulie simu ya mumewe. Lakini kupunguziwa mwendo, sijapata kuombwa."

"Mzee wangu aliizoea ile."

Bisibisi alimtazama usoni, akayaona macho yaliyovimba, akaivuta kompyuta karibu. Alifungua skrubu, akatoa vipya, akairudisha diski ya zamani. "Hii sikutozi," alisema alipomaliza. "Na vile vipya sitamfungia mtu mwingine. Nimekuwekea, siku ukivitaka."

Nyumbani, Mama Pindo aliiweka kompyuta mezani bila kumtazama mumewe. "Naona imeanza tena ugonjwa wake ule," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

Rula aliiwasha. Kiduara kikaanza kuzunguka. Feni ikakoroma. Akakitazama kiduara, akamtazama mkewe, akaiinamisha kompyuta upande akaona skrubu za chini zina mikwaruzo mipya. Mdomo wake ukaanza kuvutika upande.

"Bibie. Umekwenda kumlipa mtu aiharibu?"

"Hakunitoza."

Rula alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Mama Pindo naye akashindwa kujizuia, na hapo katikati kicheko cha Rula kikageuka kilio. Akauweka mkono wake wa kulia mezani baina yao, kama mtoto anayeonyesha kitu alichovunja.

"Si mashine," alisema. "Ni huu. Tangu hospitali. Mbaazi ukikosa maua..."

"Husingizia jua. Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ulipoacha kuitukana."

"Niliogopa ukijua utaanza kunihurumia."

"Mume wangu, mimi nakuhurumia tangu siku ya kwanza ulipokuja kwangu na suruali imepasuka nyuma, ukaniambia ndio mtindo."

Akaenda kuchukua kigoda chake pale dirishani, akakiweka upande wa kulia wa mumewe, akakishika kipanya. "Mimi nimefuata mstari wa chaki maisha yangu yote. Kichwa ni chako, mkono ni wangu. Haya, niambie."

Rula alipangusa macho kwa mkono wa kushoto. "Chumba cha mama yake mkunga," alisema. "Anzia kwenye pembe ile. Mlango uwe mpana, na usiwe na kizingiti, asije akajikwaa usiku. Shuka. Shuka kidogo tena. Hapo. Bofya."

Mama Pindo alibofya. Hakikutokea kitu. Wakangoja bega kwa bega, kiduara kikizunguka mbele yao.

"We mashine pumbavu," Rula alisema.

Mama Pindo alihisi moyo wake unarudi mahali pake. Na safari hii lilikuwa kweli kosa la kompyuta.

"Kesho tuipeleke kwa Bisibisi aifanye ya haraka," alimwambia mumewe.

"Atatucheka."

"Acha atucheke."

Mstari ukatokea, umenyooka. Rula aliusogelea, akaukagua kwa jicho moja kama zamani, akakaa sawa kwenye kiti. "Sasa," alisema, "ukuta wa pili."