Nyasi Zilizonyimwa Chakula

Bwana Lionel Desrosiers wa Connecticut alinyoa ndevu Alhamisi tu, tena si kila Alhamisi. Alinyoa siku ambayo Noreen wa chuo cha kilimo angekuja kupima nyasi zake. Tangu mkewe azikwe, hakuna mwingine aliyebisha mlango ule, na upweke hauna adabu: humkalia mtu hata mezani.

Watu wa huko kila vuli humwaga mbolea kwa kufuata kalenda, nyasi ziwe na njaa au zimeshiba, na ziada huishia bwawani. Noreen hakuamini kalenda. Aliinamisha kifaa chake juu ya nyasi, kikasoma ukijani wake na kutoa namba. Ikiwa chini ya themanini, alitia mbolea kidogo na kurudi baada ya wiki mbili. Ikifika themanini, zimeshiba. Anang'oa vibendera vyake alivyochomeka kuonyesha mahali pa kupimia, kwaheri.

Septemba namba ilifika sabini na saba, na mzee akaona mgeni anamponyoka. Alikuwa ameagizwa na Noreen ayaache chini majani anayokata, maana yakioza ndiyo chakula cha nyasi. Yeye akawa anayazoa yote, anayatia mifukoni kando ya gereji na kuyapeleka jalalani.

Alhamisi ya mwisho ya Oktoba kifaa kilisoma sitini na nane. Noreen akapima tena, kisha akapiga goti na kupekua kwa vidole. Chini palikuwa peupe, hapana hata jani moja lililokatwa.

"Mzee, majani uliyokata yako wapi?"

"Yamepeperuka. Upepo wa huku unaujua."

"Na ile mifuko kando ya gereji, upepo ndio ulioifunga kamba?"

Mzee alicheka, kisha akaona aibu. "Zikishiba huji tena, binti. Nikaona heri zibaki na njaa."

"Umeniharibia vipimo vya miezi miwili. Bustani hii siwezi kuihesabu tena katika utafiti wangu."

Akaanza kung'oa vibendera, kimoja kimoja, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi.

"Ungeniambia tu unataka mtu wa kunywa naye kahawa," alisema Noreen.

"Ungekuja?"

Noreen alitazama gari lake. Bustani kumi na moja zilikuwa zinamngoja kabla ya giza, na yeye hakuzoea kusema uongo.

"Pengine nisingekuja, mzee."

Bwana Desrosiers akaitikia kwa kichwa. Akavipokea vibendera, akamsaidia kuvipeleka garini.