Mama Hutoka Kabla ya Kifo

Kengele ya sehemu ya tatu ya opera ilipolia, Bi Hortensia alifunga chupa yake ya chai, akatia rozari mfukoni, akawaomba radhi watu wa safu yake na kutoka nje. Ndivyo alivyofanya kila mara binti yake alipoimba. Mlinzi wa mlangoni alikwishamzoea.

"Leo tena, mama?"

"Leo tena, mwanangu. Anakufa."

Kwao, kwa mila ya Kichina, mzazi hafuati jeneza la mwanawe. Mvi hazizisindikizi nywele nyeusi. Kwa hiyo Bi Hortensia, aliyemlipia Graciela mwalimu wa sauti kwa kukaanga wali miaka yote ile, hakuwahi kumwona akiimba mpaka mwisho. Graciela alizaliwa hapa hapa Lima, juu ya jiko la chifa yao, mkahawa wa vyakula vya Kichina, na Kichina chake hakikuzidi majina ya vyakula. Lakini jukwaani alipewa kuwa kijakazi wa Mashariki, au suria wa Mashariki, au binti mfalme wa huko huko, na wote walikufa. Safari hii alikuwa suria, akanywa sumu ili baharia Mwingereza arudi kwa mchumba wake bila kusumbuliwa.

Tangu msimu uliopita, marehemu wa ukoo walikuwa wakija kumzika. Hawakujua mambo ya opera. Walisikia kuna msiba, wakaja. Bibi Felícita, mama yake Hortensia, alitokea pembeni mwa jukwaa amevaa nguo nyeupe za msiba, na nyuma yake wazee waliofia kwenye mashamba ya miwa wamebeba jeneza. Okestra ikiwa bado inapiga, walimlaza Graciela humo. Bibi akapita safu za mbele akigawa peremende zilizofungwa kwa karatasi nyeupe, maana anayetoka mazikoni asipomumunya kitu kitamu kabla ya kufika kwake, msiba humfuata nyumbani. Hadhira ilipiga makofi. Gazeti moja lilizisifu peremende.

Tatizo lilikuwa umbali. Mara ya kwanza walimshusha nyuma ya pazia. Kisha wakamfikisha mlango wa wasanii. Kisha wakapita Capón, mtaa wa Wachina, wauza bata wakawapisha. Wiki iliyopita Graciela alichungulia akaona ukuta wa makaburi.

"Bibi, nishusheni. Mimi mzima."

"Kila maiti husema hivyo, mjukuu wangu."

"Ni kazi tu, Bibi! Nalipwa kufa."

"Basi tafuta kazi ya kulipwa kuishi. Wazee hawa wana migongo."

Walimshusha, lakini baada ya mabishano marefu, na mmoja wa wazee alinung'unika kwamba siku nyingine wasimsikilize.

Kwa hiyo Graciela alikwenda kwa Maestro Urrutia, mkuu wa jumba la opera. Msimu ujao kulikuwa na opera ya kuchekesha, habari za mjane wa Sevilla, Hispania, anayewazungusha wachumba, na mwisho wanakaa wote mezani kula. Hakuna anayekufa humo, hata kuku analetwa akiwa ameshapikwa. Graciela aliimba wimbo wa mjane akiwa amesimama kando ya piano, na moyoni alimwona mama yake amekaa kitini mpaka pazia linashuka. Maestro alifuta machozi kwa leso.

"Sauti ni yako, binti yangu, hilo halina ubishi. Lakini huyu ni mjane wa Sevilla. Watu watauliza, Mchina huyu katoka wapi?"

"Katoka Barrios Altos, hapa hapa mjini, Maestro. Na Teófilo, baharia wetu Mwingereza, katoka Chiclayo, hapa hapa Peru. Nani kauliza?"

"Ah, Teófilo ni Teófilo."

"Na mimi?"

"Usinifanye mtu mbaya, Graciela! Chifa ya mama yako ndiko ninakokula kila Jumapili." Alimshika mkono. "Nchi hii hakuna anayekufa vizuri kama wewe. Kwa nini uache? Halafu, wale jamaa zako wa jeneza. Wazuri sana, ila hawaonekani Wachina vya kutosha. Tutawarekebisha."

Usiku wa mwisho wa msimu, marehemu waliketishwa mbele ya vioo wakavishwa kofia za ncha. Kwa kuwa walikuwa wamepauka kwa kukaa kaburini, walipakwa manjano mara mbili. Graciela alikaa kiti cha pembeni, naye akipakwa.

"Wanatupaka nini?" Bibi Felícita aliuliza.

"Rangi, Bibi. Tuonekane Wachina."

Bibi alijitazama kiooni. "Kwani tuliacha lini?"

Kengele ya sehemu ya tatu ililia. Bi Hortensia alitoka, lakini hakukaa ngazini kama siku zote. Alishika njia peke yake kwenye ukungu, akisali. Ndani, Graciela alikunywa sumu, akaanguka, akabebwa. Capón ilipita. Ukuta ukaanza. Aligonga mbao, akaita, wazee wakazidisha mwendo.

Jeneza lilisimama ghafla. Langoni mwa makaburi alikuwa ameketi Bi Hortensia, chupa ya chai miguuni.

"Hortensia!" Bibi Felícita alifoka. "Mzazi hafuati jeneza la mwanawe. Sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, mama. Sikufuata. Nimetangulia."

Wazee waliinamisha vichwa wakashauriana. Kofia ziligongana. Hawakupata kosa lolote katika jambo hilo, wakalishusha jeneza. Graciela alitoka. Mama alilowesha leso kwa chai, akaanza kumfuta manjano usoni, polepole, toka paji la uso.

"Umekufa vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Na yule mjane?"

"Kapewa mwingine."

Bi Hortensia aliendelea kufuta. Bibi Felícita alimpa kila mmoja peremende, akauliza mazishi ya mwakani ni lini.

"Kuanzia Aprili," alisema Graciela. "Nimeshatia sahihi. Kijakazi, halafu huyu suria tena."

Bibi aliwatazama wazee wake na migongo yao. Wakaliacha jeneza pale pale kando ya ukuta, tayari kwa Aprili, wakaingia makaburini mmoja mmoja, na lango hawakulifunga.