Namba za Viazi

Simu ya Sjoerd ilimkuta Odilia akiwa bado na mswaki mdomoni.

"Barafu imetosha! Mashindano ya kuteleza kesho asubuhi!" Sjoerd alipiga kelele, na nyuma yake wanaume wenzake wa chama cha barafu walikuwa wakishangilia kama watoto waliofunga shule. Mfereji wa Eastwâld haukuwa umeganda sawasawa tangu binti yao Wytske alipokuwa mtoto wa kubebwa. Kisha sauti ikapungua. "Ila kuna kitu. Tumefungua sanduku la vizibao vya namba. Panya wamevitafuna vyote. Zimebaki kamba."

"Sasa?"

"Sasa nimewaambia mke wangu ana cherehani."

Odilia akatema povu. "Sjoerd! Umewaambia nini?"

Lakini simu ilishakatika, na alipojitazama kwenye kioo aliona anatabasamu. Alikuwa ameolewa hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, akitokea Limburg, kule kusini kwenye vilima, ambako watu hungoja kanivali, si barafu. Kila baridi ilipokaza, kijiji kizima kiliingiwa na wazimu, naye alibaki kando akishika makoti ya watu. Leo walikuwa wanamhitaji yeye.

Kabla hajamaliza chai, mama mkwe wake, Beitske, aliyekaa nyumba ya pili, aliingia bila kubisha, amekumbatia rundo la mashuka meupe.

"Kata haya."

"Mama, si mashuka yako mazuri haya?"

"Mazuri ya nini? Yamelala kabatini miaka yote. Hebu kata kabla sijajuta!"

Mkasi ukaanza kazi. Odilia alikata, akakunja pindo, akashona kanda za kufungia ubavuni, na cherehani ikanguruma mpaka vikombe vikacheza mezani. Namba ndizo zilizomtia wasiwasi. Duka la vitambaa lilikuwa mbali na mtu wa kutumwa hakuwepo, kila mwenye miguu alikuwa mferejini anafagia theluji. Nyumbani ilikuwapo rangi ya vitambaa, ya buluu, iliyobaki walipochapa mapazia ya chumba cha Wytske. Muhuri wa namba hakuna.

"Viazi," alisema Wytske, akiacha kanda alizokuwa akikunja na kuelekea stoo.

Wakachagua vile vikubwa, wakavipasua katikati. Odilia akachonga saba kwa kisu kidogo, akaipaka rangi, akaigandamiza kwenye kitambaa. Akainua taratibu.

Saba ilikuwa imegeukia upande usio wake.

Wytske alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Mama! Huyo akimaliza mbio atatangazwa anarudi nyuma!"

"Cheka tu. Njoo uchonge wewe, fundi."

Wytske alijifuta machozi, akaandika saba kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha huku maandishi yameelekea nje, kisha akafuata kwa kalamu mistari iliyoonekana kwa mwanga upande wa nyuma. Hiyo ndiyo waliyoichonga. Mara hii, kiazi kilipoinuliwa, saba ilisimama wima, nene, ya buluu iliyokolea, na wote watatu wakapiga yowe kwa pamoja.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa. Wytske alichonga, Odilia aligandamiza, Beitske alipiga pasi rangi ilipokauka ili isichuje, na vizibao vikatundikwa kwenye viti, kwenye milango, hata kwenye taa. Kiazi kilipolegea walichukua kingine. Mabaki yakaingia kwenye sufuria ya supu, yale yasiyo na rangi, ingawa Wytske aliapa ameona kipande cha buluu kikielea.

Kazi ilipokwisha, Beitske alibaki amesimama na pasi mkononi.

"Na chetu kiko wapi?"

"Chetu na nani, Mama?"

"Mbio za wawili wawili, za kushikana mikono. Zamani nilishikana na marehemu baba yake Sjoerd. Nimekuandikisha wewe."

"Mimi? Mama, mimi kwenye barafu ni ng'ombe!"

"Nimeshakuona. Ng'ombe mwenye mapaja ya nguvu. Nichapie namba."

Asubuhi mfereji ulimetameta na kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Odilia alipoona vizibao vyake migongoni mwa watu, vyeupe na buluu, vikipeperuka toka darajani hadi kwenye kinu cha upepo, alisahau hata kuogopa. Walipangwa kushindana na mke wa mchinjaji na dada yake. Beitske akamshika mkono kwa nguvu.

"Usitazame miguu. Nitazame mimi. Nikisema kushoto, kushoto!"

Filimbi ikalia. "Kushoto! Kulia! Kushoto! Sukuma, mwanangu, sukuma!" Odilia alisukuma. Upepo ulimpiga mashavuni, vyuma vya viatu vikakwaruza barafu, na mara akahisi kitu ambacho hajawahi kukihisi: barafu ikimbeba. Pembeni Wytske alikuwa anakimbia ukingoni akiita jina la bibi yake na la mama yake kwa zamu. Mke wa mchinjaji aliyumba. Wao wakapita, wakavuka mstari, wakashindwa kusimama, wakatumbukia pamoja kwenye matete makavu ya kandokando.

"Tumeshinda?" Odilia aliuliza, theluji imemjaa mdomoni.

"Tumeshinda, we mwanamke wa kusini!" Beitske akambusu shavuni, mara ya kwanza bila kuwa sikukuu.

Raundi iliyofuata mabinti wa mwoka mikate waliwaacha mbali, mbali kabisa. Sjoerd akaja mbio na vikombe vya supu, anacheka, hajui amkumbatie nani kwanza.

"Wametuzidi urefu wa miguu tu," alisema Beitske, akihema. "Barafu ikiwapo kesho, tunarudi."

"Mama, kesho sitaweza hata kukaa."

"Nani kakwambia ukae? Tunakimbia."

Odilia akakamata mkono wake, akamvuta kuelekea darajani. "Basi tusingoje kesho. Nifundishe kukata kona sasa hivi."