Msimamizi Akichelewa

Kundi la WhatsApp la majirani wa Tezo lilikuwa na kanuni moja tu: "Tuheshimiane." Pola, mwalimu wa chekechea aliyelianzisha na kulisimamia, aliiona inatosha.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, mtu aliweka picha ya mzee Mwaro, mkulima wa mihogo. Chini yake aliandika: "Mtoto wa Kenga amekufa ghafla. Kama si mchawi huyu, ni nani?"

Pola aliisoma akiwa darasani. Kidole kilikwenda kwenye kufuta, kikasita. Ni matusi haya? Aliyeiweka angesema ameuliza tu. Akaiacha mpaka mapumziko. Mapumziko yalipofika, nyumba ya Mwaro ilikuwa inawaka moto.

Mzee aliokoka kwa kutokea dirishani, mkono umeungua hadi kwenye kiwiko. Bintiye Emily, kibarua wa mashamba ya chumvi, alimchukua akakae naye Marereni.

Baada ya wiki mbili Pola aliwafuata huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee hakumtazama.

Pola alifungua daftari, akasoma kanuni mpya ya kundi aliyoiandika: "Usimchafulie mtu jina."

Emily alikuwa akimbadilishia babake bendeji. "Dada, waliomchoma wanaamini wamesema kweli. Hiyo ingewazuia nini?"

Pola akaikata. Wakaandika upya pamoja, neno kwa neno: *Usiweke jina, picha wala nyumba ya mtu ukimhusisha na uchawi, hata kwa swali, hata kwa utani. Msimamizi atafuta mara aonapo, bila mjadala, na aliyeweka atatolewa siku hiyo hiyo.*

"Na msimamizi akichelewa?" mzee akauliza.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Pola hilo, si polisi, si majirani, wala mumewe.

"Ataacha kazi hiyo, baba."

"Basi andika."

Akaandika.

Jioni aliziweka kanuni kundini, na chini yake akaongeza: "Picha ya mzee Mwaro niliiona saa tatu. Sikuifuta. Nilichelewa." Akamkabidhi usimamizi jirani yake, Lewa.

Wengine walimsihi abaki, wengine walimlaani. Aliyasoma maneno yao yote. Mzee Mwaro hakurudi Tezo. Shamba lake la mihogo limeota magugu, na Pola hulipita kila siku akienda shule.