Nyumba Iliyokuwa Juu ya Stesheni

Mume wangu Omary anauza pampu za maji mjini, na wateja wake wanamchukulia kuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Wasichokijua ni kwamba meza yetu ya kulia, hapa nyumbani Njiro, haijawekwa sahani tangu mwaka juzi. Juu yake kuna stesheni ya Arusha. Kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba: jukwaa, ghala, mabehewa ya mizigo, mpaka ndoo ya mchanga wa kuzimia moto iliyotundikwa ukutani. Sisi wenye nyumba tunakula kwenye makochi, sahani magotini.

Mwanzoni nilimuuliza kama ameanza kuchezea midoli uzeeni. Alinuna siku nzima. Mdoli, aliniambia jioni, ni kitu cha mtoto, hiki kimepimwa. Akanionyesha na rula, kana kwamba rula ingenishibisha.

Mwenzake katika ugonjwa huo ni Thomasi, Mmeru wa Maji ya Chai, mkulima wa kahawa na ndizi na mzee wa kanisa. Walikutana mtandaoni, kwenye kundi la wajenzi wa reli ndogo, ambako Wajerumani na Wajapani hurushiana picha za vichwa vya treni. Kwa miezi kadhaa hawa wawili walisifiana kazi kwa Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja akidhani mwenzake ni Mzungu. Siku moja Omary akapiga picha behewa lake kwenye kizingiti cha dirisha, na nyuma yake ukaonekana mlima. Thomasi akaandika kwa Kiswahili: "Samahani ndugu, hiyo Meru unaiona kutokea wapi?"

Tangu hapo waligawana kazi. Omary alichukua reli, treni na stesheni yenyewe. Thomasi alichukua nchi: mlima, miti, nyumba za watu. Miti alitengeneza kwa vijiti vikavu vya mibuni, nyasi kwa unga wa mbao uliotiwa rangi, na udongo aliuchekecha kutoka shambani kwake. Alijengea kwake, juu ya ubao wake, ili siku moja ubao huo uje uungwe na meza yangu. Nasema meza yangu kwa sababu niliinunua mimi.

Lakini hawakuwa wanawajengea Wajerumani. Walikuwa wanamjengea baba mkwe wangu, mzee Abdulsalam, tunayeishi naye. Mzee alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera na filimbi. Ana presha ya macho. Daktari alishatuambia kwamba kinachopotea hakirudi, matone yanachelewesha tu. Mzee mwenyewe alisema anaona ukungu kidogo, basi. Omary alitaka, kabla ukungu haujafunga, baba yake aione tena nyumba ya reli alimoanzia maisha na mkewe. Nyumba hiyo ilibomolewa zamani, picha yake haipo, na Omary mwenyewe alitolewa mle akiwa hajaanza kutambaa. Hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza. Kila mzee alipojikwaa, Omary alikata mbao mpaka usiku.

Mzee aliielezea nyumba akiwa kwenye kochi, Omary akamrekodi kwa simu ili amtumie Thomasi. "Ilikuwa juu ya stesheni, ya mwisho kabisa," alisema. "Mlango wa bluu. Mama yako alikuwa anaanika kanga zake ubavuni." Thomasi aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Kanga alizikata kwenye kitambaa chepesi, kila moja kama ukucha, na moja akaichora pindo.

Walikubaliana kuviunganisha vipande hivyo kwetu Jumamosi. Thomasi alifika na pikapu, ubao umefungwa mablanketi, naye amekasirika kwa sababu ya matuta ya barabarani. Nyumba ilikuwa imebanduka njiani. Akaipaka gundi upya palepale uani, akaibandika na kuipuliza kwa mdomo.

"Shikamoo mzee," alisema alipoingia.

"Marahaba, Thomasi. Umetuletea mlima?"

"Nimeuleta. Umeteseka kidogo."

Wakaunganisha mbao mbili kwa boliti, na reli zikakutana sawasawa. Nakiri ilipendeza. Mlima ulikaa upande wa dirishani, stesheni chini yake, na nyuma ya stesheni, mlima unapoanza kuinuka, nyumba ndogo yenye mlango wa bluu. Omary alisimama amefumbata mikono kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mzee akainuka kwenye kochi, akaja akipitisha kiganja kwenye migongo ya viti, akainama juu ya meza.

"Mashallah," alisema. "Jukwaa hilo. Ghala lile. Na taa mmeweka." Kidole kilikuwa kinaelekea panapohusika, Omary anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha mzee akageukia kushoto, kule reli inakoishia, akanyoosha mkono. "Na nyumba yetu ile pale. Ameupatia mlango, bluu yenyewe. Mpaka kanga za mama yako, Omary. Mwambie Thomasi ahsante sana."

Pale alipokuwa anaelekeza palikuwa na changarawe tupu na kisiki.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Kwetu, treni ikitoka Tanga kuja bara inapanda, ikirudi inashuka. Juu ni bara na chini ni pwani, hata kama ardhi ni bapa kama chapati. Kwa gadi wa treni, juu ya stesheni ni mbele yake, kule reli inakomalizikia. Lakini kwa Thomasi, kama kwa kila aliyezaliwa kwenye miteremko ile, juu ni mlimani na kwingine kote ni chini. Omary amekulia Arusha, naye ni hivyohivyo. Neno lilitoka kwa mzee likiwa na maana moja, likafika Maji ya Chai likiwa na nyingine, na nyumba ikajengwa kwa uzuri wote huo mahali ambapo haikuwahi kuwepo. Mimi ningewaambia. Hakuna aliyeniuliza, nilikuwa jikoni nakaanga samaki wao.

Hilo la nyumba lilikuwa kosa dogo. Kubwa ni kwamba mzee alikuwa anaisifu nyumba ambayo haikuwa mbele yake. Hakuwa anaona ukungu. Hakuwa anaona chochote. Nikakumbuka kikombe chake cha chai, anavyotaka kiwekwe kona ileile ya stuli, la sivyo hakinywi. Nikakumbuka alivyogoma kurudi kliniki, akidai matone yanatosha, nami nikamwita mkaidi moyoni.

Omary akafungua mdomo. Najua alitaka kusema, siyo hapo baba. Nikamkanyaga mguu, na sikumkanyaga kidogo.

Thomasi alinishinda kwa wepesi. Aliishika nyumba kwa vidole viwili, akaibandua pale mlimani, akaipitisha juu ya mabehewa na kuiweka kwenye changarawe, chini ya mkono wa mzee uliokuwa bado umenyooshwa. Hakugusa hata behewa moja. Tulikuwa tunaangaliana sisi watatu kama wezi.

Mzee akashusha kidole. Kikakuta paa. Kikateremka taratibu ukutani, kikaupata mlango, kikazunguka ubavuni na kusimama kwenye kanga. Hapo alikaa muda. Kisha akasugua kidole kwa gumba lake.

"Gundi mbichi," alisema.

Thomasi akaangalia viatu vyake.

"Mliiweka wapi mwanzo?"

"Juu, mzee," Thomasi akasema kwa sauti ndogo. "Huku mlimani. Nilidhani ndiko."

Mzee akafikiri, akacheka kwa pua. "Juu ya Wameru," alisema. "Sikulifikiria hilo. Ningelifikiria, msingenigundua."

"Baba," Omary akasema. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

"Na hukutwambia."

"Ningekwambia ungeacha kujenga. Ulikuwa unamjengea mtu anayeona." Alikuwa anaongea huku kidole kikiwa palepale kwenye kanga. "Mimi nilikuwa nakaa pale kwenye kochi nasikia msumeno. Kabla ya hii reli, Omary, ulikuwa unarudi kutoka dukani, unanisalimia, unakwenda chumbani na simu yako. Sikutaka msumeno unyamaze."

Omary alikaa chini sakafuni, mtu wa miaka hamsini na kitambi chake, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Thomasi alitoa leso, akawa hajui ampe nani, mwisho akaitumia mwenyewe. Mimi nilitaka kumlaumu mzee kwa miezi yote ile aliyotupumbaza. Nikatafuta hasira nisiione, nikaona huruma tu, na aibu kidogo ya ile nyumba yetu iliyokuwa kimya hivyo mpaka mtu akafurahia msumeno.

Mzee akageuza uso huku na huku, akitutafuta kwa masikio.

"Mbona mmenyamaza?" alisema. "Au na nyie hamuoni?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na swichi. Nikaiwasha treni.